Kuni za Msiba Usiokuwepo

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyolowa haifanani na harufu nyingine yoyote. Ni tamu kidogo, kama ndizi iliyopitiliza kuiva, halafu nyuma ya utamu huo kuna uchachu unaokaa kooni na kwenye nywele. Kwetu Mbinga, kuanzia baridi ya mwezi wa sita, harufu hiyo inaingia ndani na kulala kitandani na watu. Nimezaliwa ndani yake. Nikiisikia hata leo, vidole vyangu vinajikunja vyenyewe kama vinatafuta tawi la kuchuma. Mwezi wa kahawa kwetu hauna mgonjwa wala mchovu. Mtoto akikohoa anapewa kapu, mzee akiumwa mgongo anakalishwa kwenye kichanja achambue buni mbovu. Kitu kinachoruhusiwa kumtoa mtu shambani ni kimoja tu, nacho ni kifo, na hata hicho watu wanakiangalia kwa jicho la kuuliza kwa nini hakikungoja mwezi wa tisa. Sasa chukua nchi ya namna hiyo, halafu umweke mama yangu ndani yake asubuhi moja ya ukungu, akanawe mikono katikati ya msimu, atundike kapu lake kwenye msumari, na kusema mbele ya wakwe zake kwamba anakwenda kupumzika.

Nilikuwa darasa la nne na shule zilikuwa zimefungwa. Baba alikuwa amefariki misimu michache nyuma, na tangu hapo sikuwahi kumwona mama akikaa kitako bila kitu mkononi. Mashimo ya ngoro, yale ya kuzuia udongo usiporomoke, kwenye mteremko wote ule alikuwa akiyachimba yeye, kahawa akipalilia yeye, na mashine ya kukoboa akiizungusha yeye mpaka bega moja likawa nene kuliko jingine. Watu walimsifu sana. Nataka niseme wazi, maana wengine wanadhani sifa ni chakula: walimsifu kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kumsaidia. Neno la kupumzika alilitoa kwa jirani yetu, mke wa bwana shamba, mama mmoja mcheshi wa Kigoma aliyekuwa akienda likizo kila mwaka na kurudi na mashavu. Mama alikuwa akimsikiliza akisimulia huku anachambua kahawa, hasemi kitu. Kumbe alikuwa anaweka akiba. Mwaka ule mkupuo wa kwanza wa kahawa yetu ulikuwa umeshakobolewa na kuanikwa, wa pili ulikuwa bado kijani kabisa. Kahawa iliyokuwa imeiva na kudondoka ilikuwa ya Otmari, mdogo wake baba, ambaye sisi wote tulihesabiwa kuwa wachumaji wake bila hata kuulizwa.

"Likizo ni ya watumishi, shemeji," baba mdogo alisema, akicheka ili watu wengine nao wacheke. "Mkulima ana likizo gani? Nani amekusainia?"

"Nimejisainia," mama alisema.

Bibi Kandida, mama yake baba, hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko lake, ng'ambo ya ua wetu, na alimwangalia mama kuanzia kichwani kushuka chini. Mimi nilifuata macho yake na nikaona alichokiona: mama alikuwa amepaka mafuta miguuni. Miguu ya mama siku zote ilikuwa na rangi ya udongo wa Umatengo, na asubuhi ile iling'aa. Alikuwa na kandambili mpya. Alikuwa amevaa lile gauni la bluu lenye kola ambalo tangu baba azikwe lilikaa kwenye sanduku na vidonge vya nondo. Bibi aliniita nyuma ya jiko kana kwamba ananipa muwa, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaniinamia. Aliniambia niwe macho yake huko niendako. Mwanaume yeyote atakayemsogelea mama, nilishike jina lake. Aliniambia bila kuficha kwamba mama ana haki ya kuolewa na yeyote anayemtaka, ila mtoto ni wa ukoo, na siku mama akipata bwana mimi nitabaki pale, nitalala kitandani kwake yeye bibi, na mama ataondoka na sanduku lake. "Kwa hiyo ukimlinda unajilinda," alimalizia, na kweli akanipa muwa. Nilipanda gari nikitafuna muwa ule na ulikuwa hauna ladha.

Tulishuka na lori la mnunuzi mmoja wa dagaa, mimi na mama tukiwa mbele na dereva, kwa sababu dereva alikuwa mtu wa kwetu aliyemfahamu baba. Barabara ilikuwa bado ya vumbi. Unaondoka Mbinga umejifunga kitenge mpaka masikioni, ukungu umefunika migomba, halafu kona baada ya kona unaanza kukifungua, na kwenye kona moja, bila kuambiwa, ziwa linatokea chini yako, kubwa na la bluu kama mtu amelimwaga pale sasa hivi. Mama aliweka mkono mdomoni. Dereva alimuuliza kama amewahi kufika. Mama akasema alifika akiwa msichana, siku ya kumsindikiza dada yake alipoolewa. Nilimwangalia dereva. Je, huyu ndiye? Alikuwa na meno ya dhahabu na mkono mmoja nje ya dirisha. Nililishika jina lake, nikaliweka.

Liuli tulifika jua likiwa kali, na hewa ya kule ilinishangaza, nzito na ya moto, imejaa harufu ya dagaa wanaokauka mchangani. Mama mkubwa Skolastika, dada yake mama, alikuwa ameolewa na fundi mitumbwi na nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya ufukwe. Tulimkuta ameinama anageuza dagaa kwenye ungo. Hakuwa amepewa habari yoyote. Simu yake ilikuwa inachajiwa dukani na mama hakuwa na yake. Aliinua kichwa, akamwona mdogo wake anakuja njiani, mwezi wa kahawa, amevaa gauni la kanisani, kitenge begani, na mtoto mkononi. Ungo ukaanguka. Akaweka mikono yote miwili kichwani, akapiga yowe ambalo sijawahi kulisahau. Nyuma yetu dereva alikuwa anawasha lori, nami nilimwona akivua kofia.

Usicheke. Au cheka, maana hata mimi leo nacheka, lakini fikiria ilivyokuwa. Kwa watu wetu hakuna sababu nyingine. Mwanamke wa mlimani akishuka ziwani bila taarifa wakati kahawa imeiva, basi kabeba kifo, na adabu ni kuanza kulia kabla hajatamka, ili asipate taabu ya kutafuta maneno. Wanawake walitoka kwenye nyumba zote. Wengine walikuwa na unga mikononi, wengine wakijifunga kanga kiunoni huku wanakimbia, na mmoja, Mama Greisi, jirani wa mama mkubwa, alikuja na mzigo mzima wa kuni kichwani, akilia vizuri kabisa bila kuutikisa. Mikeka ikatandikwa. Mtu akaanza kuhamisha masufuria nje. Mimi nami nikaanza kulia, maana nilidhani labda kweli kuna aliyekufa na mama alinificha.

"Hakuna aliyekufa, dada," mama alikuwa anasema. "Nyamaza. Hakuna aliyekufa."

"Usinifiche! Ni mama?"

"Mama mzima. Nimemwacha anakula viazi."

"Kaka?"

"Mzima, na deni lake la bia ni lile lile."

"Basi ni wewe. Unaumwa."

"Siumwi."

"Wamekufukuza!"

"Hawajanifukuza, dada. Nimekuja kupumzika."

Kilio kilikatika kama mtu amefunga bomba. Nilisikia mawimbi kwa mara ya kwanza. Mama Greisi, machozi bado mashavuni, aligeuza shingo pole pole chini ya mzigo wake.

"Kupumzika," alisema. "Umechoka na nini, mwenzetu?"

Wanawake walikaa kidogo kwenye mikeka, kwa sababu haikuwa heshima kuondoka ghafla namna ile, na nikaona lile jicho la bibi Kandida likipita kwenye uso mmoja hadi mwingine: gauni, mafuta ya miguu, kandambili. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja na unga wao. Kuni peke yake zilibaki. Mama mkubwa alimwomba Mama Greisi achukue mzigo wake, naye akakataa katakata. Alisema kuni alizozitoa kwa ajili ya kilio hazirudishi kwake, akizirudisha atakuwa anakiita nyumbani. Akazitua ukutani, akajipangusa, akaondoka akisema, "Haya, pumzikeni nazo." Siku zote tulizokaa pale tulipikia kuni za msiba usiokuwepo. Ziliwaka vizuri sana.

Sasa niwaambie mama alifanya nini Liuli, maana ndicho kilichokuja kutafutwa baadaye kama almasi. Alikula. Alikula ugali wa muhogo na samaki wa mbasa mpaka akalamba mfupa. Aliogelea na gauni la ndani, yeye na mama mkubwa, wakirushiana maji kama wasichana. Alikwenda kuangalia viboko. Kuelekea upande wa Lundo, mto unapoingia ziwani, kulikuwa na kiboko dume aliyekuwa anakula mpunga wa watu, na kwa sababu yake alikuwa ameletwa askari wa wanyamapori kutoka Liparamba, kwenye hifadhi, mtu wa Singida aliyeitwa Afande Rajabu. Mama alikuwa anakaa kwenye mchanga, mbali na hatari, akimwangalia yule mnyama akitoa masikio na kuyazamisha, akitoa na kuyazamisha, tangu asubuhi mpaka kivuli kifupike. Watu wa Liuli waliona huo ni uendawazimu. Kiboko anafukuzwa, anaogopwa, akipatikana analiwa. Anaangaliwaje? Wanawake waliokuwa wanapita na ndoo walikuwa wanapunguza mwendo na kutafuta macho ya mama yanaelekea wapi, kwa kiboko au kwa askari.

Nami nilikuwa natafuta hicho hicho. Afande Rajabu alikuwa mwembamba, mrefu, na viatu vyake alivipiga rangi hata kule mchangani. Alikuwa na simulizi. Alimweleza mama juu ya palahala wa Liparamba, wale swala wakubwa weusi wenye pembe zilizopinda kurudi nyuma, na jinsi tembo wanavyovuka Ruvuma kwenda Msumbiji bila kuonyesha kitambulisho kwa mtu, na mama akacheka. Kicheko kile kilinitisha kuliko kiboko. Kilikuwa kicheko cha mtu nisiyemjua, kinaanzia chini tumboni na kuishia juu kabisa. Nilisogea nikakaa katikati yao. Afande akaniuliza jina nikamwambia Edita, akaniuliza kama nataka kuona unyayo wa kiboko nikasema sitaki, ingawa nilitaka sana. Jioni ile nilihesabu dalili zangu kwa mpangilio: kicheko, viatu, na kwamba mama alimwambia "kesho". Nilianza kulala mchana karibu yake nikiwa nimefunga pindo la kanga yake kwenye kifundo cha mkono wangu, ili akiinuka nijue. Naomba mtu asiniambie kwamba nilikuwa mpelelezi wa bibi. Nilikuwa mtoto aliyebakiwa na mzazi mmoja.

Halafu ikaanza ile ya maporomoko. Nyuma ya kijiji kuna kijito kinachoshuka kutoka milimani kwetu, na ukikipanda, ukipita mashamba ya muhogo na mihogo mwitu, unafika mahali ambapo kinaanguka kutoka kwenye mwamba mrefu na kuingia kwenye bwawa la maji baridi. Mama aligundua njia ile na akawa anakwenda kila baada ya chakula cha mchana, peke yake. "Nakwenda kuoga," anasema. Kuoga, na ziwa zima liko mlangoni. Mama mkubwa mwenyewe aliacha kucheka. Nilimsikia akimwambia mama kwa sauti ya chini, "Kama kuna mtu niambie mimi, nisiambiwe na watu." Mama akasema, "Dada, hata wewe?" akachukua kanga akaondoka. Sauti yake ilikuwa imechoka kwa namna ambayo niliijua kutoka Mbinga.

Nilimfuata. Nilimwacha atangulie mpaka kona, nikavua kandambili nikazishika mkononi. Njiani niliona alama za viatu, viatu vya soli ya jeshi, mbichi kabisa kwenye tope, zikielekea juu. Nilijiona kwenye kitanda cha bibi Kandida. Nililiona sanduku la mama likitoka uani. Kadiri nilivyopanda, maporomoko yalianza kusikika, kwanza kama mtu anamimina mahindi kwenye bati mbali sana, halafu karibu, mpaka nikawa sisikii hata pumzi yangu, na hewa ikanuka jiwe baridi na majani mabichi. Nilijificha nyuma ya mti nikachungulia.

Mama alikuwa amelala. Alikuwa juu ya mwamba bapa uliopata jua, chali, miguu ndani ya maji, mkono mmoja umeanguka pembeni kiganja kikiangalia juu, mdomo wazi, na anakoroma. Nilisogea karibu nikasimama juu yake. Umri wangu wote ule nilikuwa sijawahi kumwona mama amelala. Alikuwa anaamka kabla yangu na kulala baada yangu, kiasi kwamba kichwani mwangu usingizi ulikuwa kitu cha watoto na baba. Sikujua kwamba akilala lile kunjo la kati ya nyusi linafunguka. Sikujua kwamba ana uso mwingine chini ya ule, wa msichana. Alikuwa na matone ya maji kwenye nyusi na hakuwa na habari nayo. Niliangaza pande zote nikimtafuta mwanaume, kwenye mawe, kwenye vichaka, juu ya mwamba. Waliokuwepo ni nyani, kundi zima ng'ambo ya bwawa, wanaiangalia kandambili mpya ya mama.

Afande Rajabu alitokea kutoka upande wa juu, bunduki begani, suruali imelowa mpaka magotini. Alikuwa amepanda kutafuta kwa nini nyani wanashuka kwenye mihogo. Nikasema moyoni, haya sasa. Yeye alituona, akasimama. Akamwangalia mama mara moja tu, akageuza uso kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Alikuja mpaka nilipo kwa kuzunguka mbali, akaniinamia sikioni ili nisikie kwa kelele ya maji.

"Muache alale," alisema. "Wale wakisogea, warushie mawe. Wanaogopa ukijifanya unaokota."

Akaondoka kwa njia ile ile aliyojia, viatu vyake vinatoa sauti ya maji. Nilikaa kwenye mwamba miguuni kwa mama nikajifanya naokota mawe mpaka jua lilipouacha mwamba na baridi ikamwamsha. Aliniona, hakuuliza nimefikaje. Alisema, "Nimelala?" kwa mshangao kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Tulirudi Mbinga kahawa yetu ikiwa inaanza kuwa nyekundu. Tuliposhuka stendi watu walianza kuja na mikono miwili. "Pole, Mama Edita. Poleni sana." Dereva wa meno ya dhahabu alikuwa ameshasambaza mlima mzima kwamba ametuacha Liuli kwenye kilio. Uani kwetu tulikuta mikeka, wanawake wa jumuiya ya kanisa wameketi, debe la unga pembeni, na bibi Kandida amejifunga kaniki. Alimkumbatia mama. Nakwambia alimkumbatia, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kumzika baba. "Kumbe ulikuwa msiba," alisema, "ukatuficha ili tusisumbuke na kahawa. Sema sasa, nani ametutoka?" Hata baba mdogo Otmari alikuwa amevua kofia.

Nilimwangalia mama. Mlango ulikuwa umefunguliwa hivi, mpana. Angetaja jina lolote la mtu wa mbali wa Liuli, mama mkwe wa dada yake, nani angekwenda kuuliza? Wangelia kidogo, wangekula, na maisha yangeendelea, mimi na mama katika nyumba yetu. Niliomba ataje. Mama alitua mfuko wa dagaa chini.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Nilisema nakwenda kupumzika, na nilikwenda kupumzika. Sitamzika mtu aliye mzima ili niruhusiwe kulala."

Wanawake wa jumuiya waliondoka na debe lao. Baba mdogo alivaa kofia. Kikao kilifanyika pale pale, chini ya kichanja cha kahawa, kabla hata hatujanywa maji. Alisema ameshavumilia vya kutosha, mwanamke hawezi kuacha kahawa ya ukoo inadondoka akaenda ziwani na gauni la bluu kisha akarudi na mashavu, kuna mtu huko na kila mwenye akili anajua. Kuanzia leo Edita analala kwa bibi. Shemeji akiwa tayari kumtaja huyo mtu, tutazungumza. Mama alifungua mdomo, bibi akainua mkono.

"Aulizwe mtoto."

Baba mdogo akanigeukia. "Mama yako alifanya nini huko?"

"Alilala."

"Baada ya kulala?"

"Aliangalia kiboko. Halafu alilala tena."

"Na nani?"

"Peke yake. Mimi nilikuwa nafukuza nyani."

"Mtoto amefundishwa huyu," baba mdogo alisema. "Mnaona? Nyani!"

Bibi Kandida alinivuta mkono, juu ya kiwiko, pale pale aliponishika mwanzo. Nikajua ananidai lile jina. Ningeweza kusema Rajabu na isingekuwa uongo kwamba alikuwepo. Sikusema, na wala sijutii hata kidogo. Lakini bibi hakuuliza jina. Alinichungulia machoni muda mrefu, akauliza swali ambalo hakuna mwanaume angelifikiria.

"Alikoroma?"

"Alikoroma, bibi. Mdomo wazi."

Bibi aliniachia. Alikaa akiangalia mikono yake mwenyewe, mikono iliyopinda kama mizizi kwa kuchuma kahawa ya watu wengine tangu usichana wake, na nikaona kwamba hasira zimehamia mahali pengine, sijui wapi. "Otmari," alisema, "mwanamke akimfuata bwana mpaka ziwani, akakorome mdomo wazi? Wewe una mke, hujui?" Mtu mmoja akacheka. Baba mdogo akasema hilo si jambo la kikao. Bibi akasema basi kikao kimekwisha, kesho ni kahawa. Hakuomba msamaha na hakuna aliyetegemea. Nililala kitandani kwetu usiku huo, na mama, kama kawaida, alikuwa ameshaamka nilipofumbua macho. Hakwenda tena kupumzika popote. Hawakumkataza. Walimfanya tu aone kwamba gharama ya kulala ni kubwa kuliko ya kuchoka.

Ninaandika haya nikiwa Liuli, na ninaandika kwa hasira. Siku hizi kuna lami, unashuka kutoka Mbinga chai haijapoa tumboni. Nina mume mzima, nina duka dogo la vifaa vya shule, nina watoto wawili, na wa kwanza, Jesika, ana umri ule ule niliokuwa nao mimi. Mdogo nimemwacha kwa baba yake, ambaye ameniruhusu kwa moyo mweupe, na nikishaandika neno "ameniruhusu" nataka kulifuta. Nilisema mapema, niliwapigia wote, niliwaambia naenda kupumzika kwa mama mkubwa. Simu haijanyamaza tangu tushuke. Mwenyekiti wa kwaya anauliza kama niko salama "kiroho". Wifi yangu anauliza kama nimegombana na kaka yake. Zamani uvumi ulipanda mlima kwa lori. Sasa unanitangulia na kunisubiri mlangoni. Na jana aliyepiga ni mama.

"Kuna nini huko, Edita? Baba Jesika amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu."

"Unaumwa?"

"Mama. Wewe? Wewe ndiye unaniuliza mimi?"

Nilisikia kuku wake, na mashine ya kukoboa inazunguka mkononi mwa mtu. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia na yote yalikuwa makali.

"Kuni mmeletewa?" akauliza.

Nikaangalia ukutani. Mama Greisi, mzee sasa, alikuwa amekuja asubuhi na mzigo mdogo kichwani, akasimama mbali kidogo na nyumba, akauliza kwanza: "Kuna kilio au mmekuja kupumzika?" Nilipomjibu alizitua vile vile. Ndiyo maendeleo tuliyopata kwa miaka yote hii: wanauliza kabla ya kulia.

"Tumeletewa," nikasema.

"Basi nenda kalale," mama akasema. "Na uangalie kandambili zako."

Leo mchana nimepanda na Jesika kwenye maporomoko. Mwamba ni ule ule, maji yamepungua kidogo, nyani wapo. Nilipokuwa navua viatu nilihisi ananiangalia, nikageuka, nikaliona lile jicho: gauni, miguu, vichaka, njia.

"Mama," akasema, "tunamsubiri nani hapa?"

"Nani amekutuma uulize?"

Akachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Shangazi."

Niliona moto umepita machoni. Ningeweza kumpigia wifi yangu pale pale na kumwambia mambo ambayo ndoa haiwezi kuyabeba. Badala yake nilimshika Jesika mkono, chini, kwenye kiganja, nikamkalisha juu ya mwamba mahali pazuri pa kuonea pande zote. Nikamwonyesha mawe na nikamweleza habari ya nyani. Kisha nikalala chali kwenye jua, nikatia miguu majini.

"Niangalie vizuri," nikamwambia. "Usipepese. Na wakikuuliza, useme nilikoroma."